Barua kwa Mhariri: Msiyacheke majina ya mashamba

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu aliyeandika juu ya duara la mawe la kale, yaani mawe makubwa yaliyosimikwa na watu wa zamani kwa mviringo, ambalo inasemekana lilikuwapo huko Uingereza, likapotea, na sasa hakuna kilichobaki ila mashamba yenye majina yanayotaja mawe. Alimaliza kwa kusema jina si ushahidi, ni porojo za wanakijiji. Hapo ndipo tunapoachana.

Upande wake una nguvu, nami sitaukwepa. Katika Kiingereza cha kale "stan" ni jiwe na "tun" ni makazi au shamba. Ukiyaunga unapata Stanton, na vijiji vya jina hilo viko vingi Uingereza. Vingi havijawahi kuwa na duara lolote. Kijiji kiliweza kuitwa hivyo kwa sababu ardhi yake ni ya mawemawe na plau inakwama kila hatua, au kwa sababu ya jiwe moja tu lililosimama njiani. Hata Hoarstone, jina linalowapandisha mori wapenzi wa mambo ya kale, mara nyingi ni jiwe la mpaka kati ya ardhi ya huyu na ya yule. Mtu anayeona jina ramanini, siku ya pili akatangaza hekalu, anawaharibia wote wanaofanya kazi hii kwa makini.

Lakini tutazame Stanton Drew, kule Somerset. Hapo mawe yapo hadi leo, maduara matatu, na kubwa lao lina upana wa mita 113 hivi. Mwaka 1997 wataalamu walipitisha vipimo vya sumaku, vinavyoonyesha mashimo ya kale bila kuchimba, ndani ya duara hilo wakakuta kitu ambacho jina halikuwahi kukidokeza: mizunguko tisa ya mashimo ya nguzo za mbao, mmoja ndani ya mwingine. Jina lilikuwa limesema pungufu ya yaliyokuwapo, wala halikutia chumvi.

Kuna na Stanton Harcourt, Oxfordshire. Mawe yake yaliitwa Devil's Quoits, na hadithi ya pale ni kwamba Shetani ndiye aliyeyarusha akiwa mchezoni. Yalipungua karne hadi karne, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia yaliyobaki yakaondolewa ili kujenga uwanja wa ndege. Baadaye eneo likachimbwa kokoto. Angepita mwandishi wenu hapo miaka ya 1970, angeona nini cha kumshawishi? Jina la kijiji na hadithi ya Shetani, basi. Ila chini ya udongo yalikuwapo mashimo ambamo mawe yalikuwa yamesimikwa, na kwa kuyasoma mashimo hayo duara likasimamishwa upya kati ya 2002 na 2008.

Aliuliza pia, kwa kejeli kidogo, kwamba kama mawe yalikuwapo yamekwenda wapi, maana jiwe la tani kadhaa haliyeyuki. Swali zuri, na jibu lake liko Avebury, kijiji cha Wiltshire, kwenye duara la mawe kubwa kuliko yote. Katika karne ya 14 watu waliangusha baadhi ya mawe wakayazika. Karne ya 17 na ya 18 yakaja mengine: wanachimba shimo, wanaliangusha jiwe humo juu ya majani makavu, wanatia moto, na jiwe likishapata joto kali wanamwaga maji baridi kwa mstari kisha wanalishukia kwa nyundo. Vipande vikawa kuta za nyumba. Tunayajua haya kwa sababu tabibu mmoja, William Stukeley, alikuwa akienda pale miaka ya 1720 akichora na kuandika wakati uharibifu unaendelea.

Stukeley huyo alisema kwamba kulikuwa na safu mbili za mawe zilizounda njia kutoka Avebury kuelekea Beckhampton. Wengi hawakumwamini, na sababu walikuwa nayo. Alikuwa ameshikwa na dhana kwamba Avebury nzima ni umbo la nyoka mkubwa, kazi ya makuhani wa kale wanaoitwa madruidi. Mwaka 1999 wachimbuaji walifungua ardhi pale Beckhampton wakakuta mashimo ya mawe, mawe yaliyozikwa, na mashimo ya moto. Nyoka hakuwapo, ila njia ilikuwapo. Mtu anaweza kukosea maana ya alichokiona na bado akawa amekiona.

Ndivyo nionavyo majina pia. Kule Derbyshire kuna duara liitwalo Nine Ladies, wanawake tisa waliogeuzwa mawe kwa kucheza ngoma siku ya Jumapili. Hadithi ni hadithi, na hata hesabu ilikosea, kwani miaka ya 1970 jiwe la kumi lilionekana limelala ardhini. Duara lenyewe ni la kweli.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa mawe haya naongeza la tatu: kama halipo, limo ukutani mwa zizi la jirani.

Kwa hiyo badala ya kucheka, mwandishi wenu angeanzia kwenye ramani za zaka. Sheria ya mwaka 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na ili kukadiria malipo, wapimaji walipita parokia kwa parokia wakiandika kila kipande cha ardhi: mwenyewe, mkulima wake, matumizi yake na, mara nyingi, jina lake. Mengi ya majina hayo leo hayatamkwi tena, kwa kuwa baada ya vita hiyo ya pili nyua za vichaka zilizotenganisha mashamba ziling'olewa na mashamba madogo matano yakawa moja lisilo na jina. Akishalipata jina, alifuatilie nyuma kwenye hati za zamani zaidi aone kama tahajia inabaki na maana ya jiwe au lilikuwa neno jingine kabisa. Aulize kama eneo lina mawe makubwa ya asili, maana kama yapo, hoja yangu inadhoofika mara moja. Azunguke kuta, nguzo za malango, misingi ya kanisa. Vipimo vya sumaku vije baada ya hapo, na koleo mwisho kabisa.

Na kabla ya yote hayo, amtafute anayelima shamba hilo kwa trekta amwulize plau yake huruka wapi.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi