Tripu ya Kokoto Si Kipimo: Majibu kwa Wateja Wanaoona Bei Yetu Ni Kubwa

Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko mengine yote hapa Mtwara ni kwamba tripu yetu ya kokoto ni ghali. Hivi karibuni mteja mmoja wa Shangani alituambia mbele ya fundi wake kwamba tumemwibia, kwa sababu rafiki yake alikuwa ameletewa tripu kwa bei iliyopungua robo nzima ukilinganisha na yetu. Tuliona ni vyema tumjibu yeye na wengine kwa maandishi, kwa kuwa shutuma ya wizi ni nzito kwa watu wanaoishi kwa kuaminiwa.

Tripu ni safari moja ya gari, na magari hayalingani. Bodi ya tipa yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2.2 na kina cha mita 0.6 hubeba mita za ujazo 5.28, ilhali bodi ya mita 3.6 kwa 2 kwa 0.5 hubeba mita za ujazo 3.6 tu, na mtaani zote mbili huitwa tripu. Gari lililompelekea rafiki yake mzigo tulilipima kwa futikamba, mteja wetu akiwa amesimama pale pale, likakutwa ni la vipimo hivyo vidogo. Ukigawanya bei kwa ujazo, yule aliyedhani amepata nafuu alikuwa amelipa zaidi kwa kila mita.

Utata mwingine hutokana na tani. Mita moja ya ujazo ya kokoto zilizomwagwa ina uzito wa takriban tani 1.5, kwa kuwa katikati ya kokoto kuna nafasi tupu. Mwamba huo huo ukiwa bado mzima machimboni, mita yake ya ujazo hufikia tani 2.6 hivi. Kwa hiyo gari la tani 7 hubeba pungufu kidogo ya mita za ujazo 5, wala si mita 7 kama wengi wanavyotarajia. Vilevile kokoto hushikana kwa mtikisiko wa barabara, hivyo mzigo uliotoka Masasi ukiwa na kilima juu ya bodi hufika Mtwara umelala, bila hata kokoto moja kuondolewa. Mchanga nao una tabia yake: ukiwa na unyevunyevu huvimba, wakati mwingine kwa robo ya ujazo wake, kisha ukikauka au ukilowa kabisa hurudi chini. Dereva wetu amewahi kuzuiliwa na mteja hadi jioni kwa sababu ya rundo la mchanga lililoshuka baada ya mvua kubwa.

Sasa tuje kwenye aina ya jiwe, ambako ndiko fedha za wateja hupotelea zaidi. Ukanda wa pwani ya Lindi na Mtwara umekaliwa na miamba ya mashapo, yaani mchanga, udongo na chokaa vilivyotuama tabaka juu ya tabaka kwa muda mrefu mno. Katika mashapo ya namna hiyo ndimo ilimokutwa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambayo Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin. Ukielekea bara, upande wa Masasi na Nachingwea, unakutana na miamba geu migumu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhini, ile ambayo milima ya mawe ya Masasi imeumbika kwayo. Jiwe la huko husafiri kilomita zipatazo 200 kufika mjini Mtwara, na mafuta ya safari hiyo yamo ndani ya bei.

Hatusemi kwamba jiwe la pwani halifai. Jiwe la chokaa lililoshikamana vizuri hutoa kokoto nzuri, na kuta za matumbawe za Kilwa Kisiwani zimesimama kwa karne nyingi. Lakini kuta zile ziliunganishwa kwa lipu ya chokaa, bila nondo ndani yake. Matumbawe yana vitundu vingi, hunywa maji, na yakitoka karibu na bahari huwa na chumvi, ambayo ikiingia kwenye zege huifanya nondo ishike kutu, ivimbe na kuipasua zege kutoka ndani. Mteja mmoja wa Mikindani alikataa bei yetu, akanunua mawe ya ufukweni yaliyogongwa kwa nyundo pamoja na mchanga wa hapo hapo, akamwagia linta na nguzo za nyumba nzima. Aliporudi kwetu, zege ilikuwa ikibanduka vipande vipande na nondo zikionekana. Gharama ya kubomoa peke yake ilizidi kile alichokwepa kulipa mwanzoni.

Jaribio la kutambua jiwe halihitaji maabara. Pima kilo 2 za kokoto zilizokauka kabisa, ziloweke kwa saa 24, zifute kwa kitambaa na uzipime tena. Zikiongezeka gramu 20, hiyo ni asilimia 1, jiwe ni zuri. Zikiongezeka gramu 160, usizipeleke kwenye slabu. Zioshe pia ndani ya ndoo, na maji yakibadilika kuwa tope, ujue umeuziwa vumbi na udongo kwa bei ya jiwe.

Vumbi hilo ndilo linalotutofautisha na wauzaji wa bei ya chini. Machimboni tunaanza kwa kuondoa udongo wa juu na mwamba uliooza, ambao hatuuzi kama kokoto hata ukipondeka kwa urahisi. Kisha yanatobolewa matundu ya baruti, mlipuko unasimamiwa na mlipuaji mwenye kibali, mawe yanapondwa na kupitishwa kwenye chekeche ili kokoto za robo tatu ya inchi, za nusu inchi na vumbi vitengane. Mrabaha wa Serikali hulipwa. Anayepakia kila kilichotoka kwenye mashine bila kuchekecha hana gharama hiyo, na vumbi lake huhitaji saruji na maji zaidi.

Slabu ya mita za mraba 100 yenye unene wa milimita 150 ni mita za ujazo 15 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) utahitaji takriban mita za ujazo 13 za kokoto, mita 6.6 za mchanga na mifuko 94 ya saruji ya kilo 50. Fundi akikuambia "agiza tripu tatu", mwombe akupe hesabu ya namna hii.

Kuanzia sasa, stakabadhi zetu zitaandika mita za ujazo, saizi ya kokoto na machimbo zilikotoka. Njoo na futikamba yako, au umtume mtu unayemwamini, upime bodi kabla dereva hajainua. Mzigo ukishamwagwa chini, hakuna anayeweza tena kuupima kwa haki.