Nani atapaka rangi tuta la Msabaha?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fedha za usalama barabarani. Kila msimu wa bajeti, wakazi wa Malindi huitwa mikutanoni na kuulizwa wanataka lami iishie wapi, lakini sijapata kusikia tukiulizwa mtoto wa shule ataivuka wapi lami hiyo.

Huku Msabaha, kwenye barabara itokayo Gede, lipo tuta ambalo vijana walilijenga kwa mawe na udongo usiku ule ule mwanafunzi alipogongwa. Baadaye lilikuja tuta la lami, lakini halikupakwa rangi wala kuwekewa kibao. Wakati wa masika, jirani yangu mwendesha bodaboda, akirudi alfajiri kutoka kumpeleka mjamzito hospitali, hakuliona hadi gurudumu la mbele lilipoinuka, naye akaangukia bega na kuvunjika mtulinga. Nilipokwenda kuuliza, ofisi ya kwanza ilinituma kwa ya pili, na ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza, kwa hoja kwamba barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa na njia za pembeni ni za kaunti. Ni kweli Katiba imeyagawanya majukumu hayo katika Jedwali la Nne, ila avukaye hapo huanzia kwa kaunti, hupita kwa serikali kuu, kisha hurudi kwa kaunti, na yote hayo kwa muda usiotimia nusu dakika.

Hatuwezi kuambiwa kwamba fedha hazipo. Tangu Julai 2024, ushuru wa matengenezo ya barabara umekuwa shilingi 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli, kutoka shilingi 18. Mwendesha bodaboda anayetia lita tatu kwa siku huchangia shilingi 75, yaani 2,250 kwa siku thelathini, na sidhani wengi wao huweza kujiwekea akiba ya kiasi hicho. Najua mwaka 2025 shilingi 7 kati ya hizo 25 za kila lita zilielekezwa kulipa madeni ya makandarasi, nao wana haki ya kulipwa. Ninachoomba ni sehemu ya zile zilizosalia, hata ikiwa ndogo, itengewe fungu lake lenye jina: ukaguzi wa usalama kabla ya ramani kupitishwa, njia za waendao kwa miguu, vivuko na taa. Usalama ukiendelea kufichwa ndani ya matengenezo ya jumla, viraka vya lami vitaumeza.

Yapo yanayohitaji mipango zaidi ya fedha. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika makazi, na kwa mwendo huo gari hupita takriban mita 14 kwa sekunde moja. Shirika la Afya Duniani hupendekeza 30 pale watu wa miguu wanapochanganyika na magari. Barabara ikichorwa kwa kuwazingatia hao tangu mwanzo, hatutalazimika kuichimba tena.

Kwa mujibu wa sheria, makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30. Nawaomba wawakilishi wetu wazikutanishe ofisi zile mbili, ya kaunti na ya serikali kuu, kabla ya tarehe hiyo, na swali la kwanza liwe ni ipi itakayoleta kopo la rangi.

Mkazi wa Msabaha,
Malindi.