Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo: Ruzuku Iifikie na Ngitili

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mkulima na mfugaji wa Kishapu, mkoani Shinyanga. Nalima mtama na pamba, nafuga ng'ombe, na natunza ngitili, yaani hifadhi ya malisho, niliyoachiwa na baba yangu. Ombi langu nalitanguliza kabla ya maelezo: katika fedha mnazotoa kwa ruzuku ya mbolea na mbegu, fungu moja limfikie anayehifadhi ardhi na malisho. Kwa sasa mtu huyo hatambuliki popote.

Sina ugomvi na ruzuku ya mbolea. Mwaka 2022 bei ya dunia ilipopaa, mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulivuka shilingi 130,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150, na mkulima aliyejiandikisha akaupata mfuko ule kwa 70,000. Wenzetu wa mahindi kule Mbeya, Njombe na Ruvuma walipumua, na ilikuwa haki yao. Bajeti ya wizara yako nayo imetoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni moja mwaka 2024/25. Ni fedha nyingi, na nashukuru kuona kilimo kimepewa uzito.

Lakini njoo huku kwetu. Mvua ni chache na haziaminiki, na mashamba mengi ni ya luseni, udongo wa kichanga uliolimwa miaka na miaka bila kupumzika. Udongo usio na mboji haushiki maji wala mbolea. Ukinyunyiza mfuko wa ruzuku leo, mvua moja kubwa ya kesho inausomba hadi korongoni. Mkulima wa Kishapu anategemea samadi kwanza, samadi inatoka kwa ng'ombe, na ng'ombe anavuka kiangazi kwa majani ya ngitili. Ukiikata ngitili, mnyororo wote umekatika.

Kwa msomaji wa mikoa mingine: ngitili ni eneo la malisho na miti linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, majani yakakua hadi kukomaa. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, kipande kwa kipande, wakaanza ndama, maksai, wanaonyonyesha na wagonjwa. Ndani yake mama anapata kuni, mzee anapata dawa za mizizi, na nyuki wanapata maua. Zipo za familia na zipo za kijiji. Sheria zake zilisimamiwa na wazee kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, na sungusungu, walinzi wa jadi, walimkamata aliyezivunja. Faini ililipwa.

Utaratibu huu ulikaribia kufa. Misitu ilifyekwa kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wakahamishwa mbali na ngitili zao, zikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alifika Shinyanga akaona jinsi mkoa ulivyokuwa unageuka jangwa. Mwaka 1986 ikaanzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway na baadaye utaalamu wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Ngitili zilizojulikana wakati ule zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, katika Shinyanga ile ya zamani iliyokuwa bado na Simiyu ndani yake. Mwaka 2002 HASHI ilitambuliwa katika Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kule Johannesburg.

Naomba uizingatie sababu ya mafanikio hayo, maana nchi yetu imejaribu na njia nyingine. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, ulifika mahali pa kuondoa mifugo yote Kondoa Irangi mwaka 1979. Ardhi ilipona, sikatai, ila mfugaji ndiye aliyebeba gharama. HASHI iliwauliza wazee wanachokijua, ikakuta jibu lipo, ikawapa miche, mafunzo na heshima. Hakuna aliyefukuzwa.

Mradi ukaisha pamoja na fedha za wafadhili. Tangu hapo ngitili inalindwa na dhamiri ya mwenye nayo tu. Baba akifariki, watoto wanaigawana vipande, kila mmoja anafyeka chake. Mjane anaibakiza, shemeji anaiuza kwa wachoma mkaa, na mjane hana karatasi ya kumzuia, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa na mwanamume. Hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa.

Utasema malisho ni ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, miti ni ya Maliasili, na mazingira yako Ofisi ya Makamu wa Rais. Ni kweli, na hapo ndipo tunapopotelea: kila ofisi inatuelekeza kwa jirani yake. Wewe ndiye mwenye daftari la wakulima, na ndiye mwenye fedha za ruzuku. Anza wewe.

Marekani, baada ya udongo wake kupeperushwa na upepo miaka ya 1930, iliunda idara ya kuhifadhi udongo mwaka 1935, na tangu mwaka 1985 inamlipa mkulima kupumzisha ardhi dhaifu kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Hatuna fedha zao, wala siombi malipo ya kila mwaka. Mkulima anapojiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, iandikwe pia ngitili yake na ukubwa wake. Aliyeandikwa apimiwe na apewe hati ya hakimiliki ya kimila bila gharama, jina la mke likiwemo. Apate miche na mbegu za malisho kwa bei ya ruzuku, kama mwenzake wa Njombe anavyopata Urea. Na maafisa ugani mliowapa pikipiki mwaka 2022 waagizwe kuzitembelea ngitili pia, maana wengi wanaishia shambani.

Agosti tutakuwa Nyakabindi kwa Nane Nane. Mheshimiwa, ukifika pale tunaomba majibu mawili: ni msimu upi ngitili zitaanza kuandikwa kwenye daftari la ruzuku, na wilayani tumwendee afisa gani.

Wako mtiifu,
Mkulima na mfugaji, Kishapu, Shinyanga