Engare Sero: tazameni mvua ya juu kabla ya kuingia korongoni

Mhariri,

Wageni wengi wanaofika Ziwa Natron kutazama flamingo na kupanda mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai hupelekwa pia kwenye maporomoko ya Engare Sero, wilayani Ngorongoro. Njia yenyewe ni mto: mnauvuka mara kadhaa ndani ya korongo jembamba. Hatari yake haisemwi vya kutosha.

Maji haya yanateremka kutoka nyanda za juu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mvua inaweza kumwagika huko huku korongoni jua linachoma. Basi chunguzeni mawingu ya ukingoni, si anga ya kichwani. Mkiwa ndani, maji yakigeuka ghafla kuwa ya udongo au yakianza kuleta majani na vijiti, msikimbie kurudi mlikotoka, mafuriko yatawafikia. Pandeni ubavuni papo hapo, mizigo iacheni. Machi hadi Mei ingieni mapema, saa 1 asubuhi, kwa kuwa mvua mara nyingi hushuka alasiri.

Kandambili huchukuliwa na maji, na mawe ya volkano huchana nyayo za anayekwenda peku. Vaeni raba kuukuu zenye kamba, au sandali zenye mkanda wa nyuma. Wakati wa kuvuka, fungua mkanda wa begi wa kiunoni ili ukianguka ulivue upesi. Elekeza uso mto unakotoka, fimbo iwe mguu wa tatu, nyayo uziburute bila kuziinua. Maji yenye kasi yakipita magoti, rudini.

Kosa linaloumiza wengi ni kuunganisha safari mbili. Lengai hupandwa usiku wa manane, watu wakashuka asubuhi magoti yakitetemeka, kisha wanapelekwa moja kwa moja kwenye miamba yenye utelezi, tena joto likiwa kali. Wapumzike, waende kesho yake. Na wakifika waogee pembeni mwa maporomoko, kwani maji huangusha mawe kutoka juu.

Tunaomba halmashauri na kijiji wapake mstari mwekundu kwenye mwamba wa kivuko cha kwanza, kwenye usawa ambao maji huwa siku yanapomfika magotini anayevuka. Maji yakiugusa, asipite mgeni wala mwongozaji, hata kama ada imeshalipwa.

Waongozaji wa watalii,
Arusha