Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayepiga picha za wavuvi wa Gura

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Nyeri. Shangazi alinionyesha zile picha 40 ulizompelekea baada ya safari yako ya mto Gura, nami nimezitazama mara tatu, mara ya mwisho usiku, watoto walipokwisha kulala. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu nawafahamu vijana wengine wanaopanda na kamera zao kwenye mito ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwafuata wavuvi wa trauti, samaki wa mito ya maji baridi, na swali uliloniuliza kwa simu, la jinsi mtu anavyoupata mtindo wake mwenyewe, ni swali lao pia.

Picha zako ni safi. Hata hivyo, laiti nisingeambiwa zimepigwa wapi, nyingi kati yake ningedhani ni za Montana, kule Marekani. Mvuvi amesimama katikati ya mto, jua la jioni liko mgongoni mwake, mshipi wa kuvulia umejikunja hewani. Kisha anakuja samaki aliyesogezwa mbele ya lenzi kwa mikono miwili ili aonekane mkubwa kuliko alivyo. Picha za namna hiyo tulizipenda kabla hatujamiliki kamera, na ndiyo maana vidole vyetu huzitafuta bila kuamrishwa. Mimi nilizitafuta kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo sina hata moja ambayo ningekuonyesha leo.

Nianze na mwanga, maana hapo ndipo tuliporithi kanuni isiyo yetu. Wapiga picha wa Uskoti na wa kaskazini mwa Marekani husisitiza saa moja baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo, na kwao ni sahihi, kwa kuwa huko jua hupita kwa mshazari na mwanga wake wa dhahabu hukawia. Sisi tuko jirani kabisa na ikweta, inayopita Nanyuki, na kwetu jua hupanda na kushuka karibu wima: kutoka upeo wa macho hadi digrii 6 juu yake huchukua kama dakika 24 tu. Katika bonde lenye kina kama lile la Gura, kingo za mlima humeza hata dakika hizo, hivyo miale inapoyafikia maji huwa tayari ni myeupe na mikali. Ndiyo sababu picha zako za jioni zilikulazimisha uongeze rangi ya chungwa kwa programu, na jicho la mtazamaji linalitambua jambo hilo hata kama hawezi kulitaja. Mwanga wetu ni wa wingu. Ukungu ukishuka kutoka juu, vivuli vikali hufutika, mianzi huwa ya kijani kizito karibu na weusi, na mshipi mwembamba huonekana mbele yake kama uzi mweupe. Hapo punguza mwangaza kidogo ili povu la maji lisigeuke doa tupu, na ukitaka kuusimamisha mshipi hewani tumia kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Ukishuka hadi 1/60 utaupata mwendo wa mkono badala ya umbo la mshipi. Yote mawili ni halali, ila chagua moja ukijua kwa nini umeichagua.

Kile kichujio cha kuondoa mng'ao wa maji nacho usikiache kwenye lenzi kutwa nzima. Ukikizungusha hadi mwisho unamwona samaki na changarawe chini yake, lakini umeufuta uso wa mto, na uso huo, pamoja na viduara vinavyoachwa na samaki anayekula juu, ndio mvuvi anaousoma kabla hajarusha chochote.

Sasa nije kwenye picha yako ya 27, ambayo Shangazi alitaka kuipita haraka. Yule mzee anayekuongoza amebana mshipi kwa midomo ili alilowanishe fundo kabla ya kulikaza. Kucha ya kidole gumba imepasuka, na nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi, ananing'inia karibu na kidevu chake. Hakuna samaki wala machweo. Ni picha pekee kati ya 40 uliyoipiga ukiwa umepiga magoti, tena umbali wa mkono mmoja, na ni ya kitu kinachotangulia uvuvi wenyewe. Nimerudi kwenye picha zako za zamani, zile za fundi baiskeli na za bibi akichambua maharagwe, na nimekuta tabia hiyo hiyo: unakaribia, unasubiri, unapiga kabla tendo halijakamilika. Hilo ni lako tangu zamani. Uliliacha ulipofika mtoni kwa sababu uliamini mto unadai picha kubwa.

Trauti si mwenyeji wa Gura. Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, ndiye aliyemwingiza huko kutoka Uskoti mwaka 1905, na pamoja na samaki ilikuja desturi nzima ya namna ya kumvua. Lakini leo wanaolijua kila jiwe la mto ule ni watu wa vijiji vyetu, na nzi wa bandia wanaofungwa hapa Kenya huvulia samaki katika mito ya Ulaya na Marekani. Nenda ukakae na mmoja wa wafungaji hao. Utaona ndoana ndogo kuliko punje ya mchele imeshikwa kwenye jiliwa, unyoya wa shingo ya jogoo ukizungushwa mara tatu, uzi ukikatwa bila mikono kutetemeka. Kazi hiyo inakufaa wewe kabisa.

Ombi langu moja ni zito zaidi. Niliwahi kumshikilia trauti nje ya maji nikibadilisha lenzi, na niliporudisha mkono mtoni hakuogelea tena. Lowanisha mikono, mwache samaki majini hadi kamera iwe tayari, mwinue kwa sekunde chache tu. Mwanga ukikosea, mwachilie aende.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, Mungu akipenda, nitakuwa Gura saa 12:30 asubuhi. Njoo na lenzi moja tu, ile ya milimita 35, na umwombe mzee wako afuatane nasi. Uje pia na nakala mbili za picha ya 27, zilizochapishwa kwenye karatasi nzuri: moja ni ya kwake, na nyingine nimekwisha kuitafutia nafasi ukutani kwa Shangazi.

Wako akupendaye,
Kaka yako