Mwanangu, mikarafuu ya bondeni ina mwenyewe

Wete, Pemba
Jumapili, baada ya isha

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama yako kifua kimempoa, na bibi yako kila asubuhi anauliza kama meli yako imefika salama, ijapokuwa ni wiki ya tano sasa tangu uvuke. Hofu yetu ni kwako tu.

Ujumbe wako mrefu niliupata Alhamisi. Nimeusoma mara tatu, na mara ya pili nilimsomea mama yako kwa sauti, akaniamrisha nirudie pale uliposema kuwa taa za dahalia zikizimwa unasoma kwa tochi ya simu. Ningeweza kukujibu kwa simu. Lakini nina jambo la kukwambia ambalo haliandikiki kwa kidole gumba, kwa hiyo nimechukua karatasi, na kesho asubuhi jirani anayesafiri atakushushia bahasha hii Tunguu, hapo chuoni kwako.

Kwanza masomo. Unasema hukumu moja ina kurasa 60 za Kiingereza, unaipitia mara tatu na bado hujui mwenye haki ni nani mpaka uambiwe na mwalimu. Mimi sikusoma sheria chuoni. Niliajiriwa ukarani wa mahakama mwaka 1986 na nikastaafu 2022, na miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa majalada, kwa hiyo nakupa nilichokiona kwa macho. Usianze na sheria. Anza na habari yenyewe: nani alimfanyia nani nini, lini, pahala gani, na nani alikuwepo. Iandike kwa Kiswahili, mistari mitano, kama unayemsimulia bibi yako. Ukiona huwezi kumsimulia bibi, basi hujaielewa bado, hata kama vifungu vyote umevihifadhi. Alikuwepo wakili mmoja akija kutoka Unguja kwa mashauri ya mashamba. Shauri likiwa Jumatatu, yeye hufika Jumamosi, akavua viatu akaenda kulikanyaga shamba lenyewe, akauliza jina la kisima na jina la mtu aliyekichimba. Wenzake walimwona anapoteza wakati. Mimi niliyekuwa nikiandika kwenye jalada najua namna mashahidi walivyokuwa wakibadilika uso anapowauliza juu ya kisima.

Kutetemeka mikono siku ya mahakama yenu ya mazoezi si aibu. Shika ukingo wa meza, vuta pumzi, useme jina lako kwanza. Na ule, mama. Chai ya rangi na andazi asubuhi, kisha ukasubiri urojo wa jioni, hicho si chakula cha mtu anayesoma. Najua fedha za mkopo hazijaingia. Nimekutumia elfu thelathini, tazama simu yako.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Usiku ule wa mwisho wa likizo ulikaa barazani na ami zako. Wakakuuliza mnasomeshwa nini, na wewe kwa furaha ukawaeleza ile kanuni ya Kilatini, kwamba kila kilichopandwa ardhini au kujengwa juu yake ni cha mwenye ardhi. Niliona ulivyonyooka mgongo ukiyasema, na moyo wangu ukajaa. Sikukukatiza. Kumbe ami yako mdogo alikuwa anakusikiliza kwa sikio jengine. Wiki iliyofuata alishuka bondeni, akamwambia jirani yetu, bibi wa bondeni, kwamba mikarafuu tisa iliyo upande wetu wa mto asiiguse msimu huu, kwa kuwa ardhi ni yetu na mwanasheria wetu ameshasema. Amekwenda hadi serikalini, kwa sheha. Kikao kimewekwa Ijumaa baada ya sala.

Bibi wa bondeni alikuja kwangu Jumatano na bakora yake. Alikaa kwenye jamvi, akanyamaza sana, kisha akaniuliza kama ni kweli mtoto kasema hivyo. Hakukasirika. Akasema, "Kama kitabu kimesema, mimi sina kitabu." Nikashindwa kunywa ile chai.

Mwanangu, nikusimulie habari ya miti hiyo, kwa sababu hukuambiwa na wewe hukuuliza.

Babu yako alishitakiwa mwaka 1971 kwa gunia la karafuu lililokutwa kwenye ghala yake, na mtu mwengine akasema ni lake na kaibiwa. Zama hizo zilikuwa za Mahakama za Wananchi. Utakuwa umezisoma: ziliwekwa kwa sheria ya mwaka 1969, mahakimu wake hawakuwa watu waliosomea sheria, na wakili hakuruhusiwa kumsimamia mtu. Hata ile kesi kubwa ya uhaini, baada ya kuuawa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972, aliyeshitaki na aliyetetea alikuwa ni Mwanasheria Mkuu huyo huyo. Mahakama hizo zilifutwa 1985, na mimi nikaingia ukarani mwaka uliofuata. Kwa hiyo babu yako alisimama peke yake, mtu asiyejua kusoma herufi za Kizungu, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa nimekaa nje chini ya mwembe na mama yangu.

Mtu pekee aliyekuja kusema neno kwa ajili yake alikuwa mume wa bibi wa bondeni. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa ndiye aliyelifunga lile gunia kwa kamba ya usumba alipokuwa akimsaidia babu yako kuanika, na alilijua fundo lake mwenyewe. Akaomba gunia liletwe mbele yao, akawaonesha fundo, akalifungua na kulifunga tena mbele ya macho yao. Babu yako akarudi nyumbani jioni ile.

Mwaka wa pili, mvua za mwaka zilipoanza, babu yako alimwita yule bwana bondeni. Mimi ndiye niliyebeba miche kwenye pakacha. Miche kumi na miwili, mitatu ilikufa. Nakumbuka maneno kama yamesemwa leo: "Panda. Ardhi yangu, mti wako, wewe na kizazi chako." Walikuwepo watu wawili wazima, wote wameshafariki, na mimi mtoto mwenye pakacha. Hapakuandikwa kitu. Wakati ule mtu akisema mbele ya mashahidi, ilitosha.

Wewe ni mtoto wa Pemba, unajua mkarafuu haukupi kitu mpaka miaka sita au saba ipite. Miaka yote hiyo yule bwana alipanda na kushuka na ndoo kiangazi, akaizibia mbuzi kwa makuti, akaipalilia. Babu yako hakuchuma hata konyo moja pale mpaka anakufa, wala mimi sikuchuma. Sisi tulikuwa tukipita chini ya miti hiyo na kuiita "ya bondeni", kwa maana ya mwenyewe, hatukuwa tukitaja bonde.

Sasa nije kwenye kitabu, kwa sababu najua utaniambia baba hayo ni ya moyo, sheria ni sheria. Kanuni uliyoitaja ni ya Warumi, Waingereza wakaichukua, na kwetu iliingia baada ya Mwingereza kutuweka chini ya ulinzi wake mwaka 1890. Ilikuta watu tayari wana utaratibu wao. Visiwani hapa mtu kuwa na mnazi au mkarafuu kwenye ardhi ya mwenziwe ni jambo la siku zote: watu huiuza miti bila ya ardhi, huiweka rahani bila ya ardhi, na hurithiwa bila ya ardhi. Nimeandika kwa mkono wangu majalada ya mirathi ambamo mjane kapewa thumuni yake, sehemu moja katika nane, kwenye minazi, na kiwanja chini yake ni cha mtu mwengine kabisa. Ukifungua Sheria ya Umiliki wa Ardhi, Namba 12 ya mwaka 1992, usikimbilie vifungu vya katikati. Anza na kile cha tafsiri ya maneno mwanzoni, usome maana ya neno "ardhi". Utakuta miti inayomilikiwa mbali na ardhi imetolewa nje ya maana hiyo. Na ukiendelea utakuta kwamba hata hiyo tunayoiita ardhi yetu ni ardhi ya umma, sisi tuna haki ya kuitumia. Ami yako analinda alichopewa akitumie, na anamnyang'anya bibi wa watu kilicho chake hasa.

Sikulaumu kwa kutojua. Uko mwaka wa pili, na pengine somo la ardhi ya Zanzibar bado hamjalifikia. Nilichokosana nacho ni kwamba uliulizwa sheria ukajibu kabla ya kuuliza mti wa nani. Lakini mimi mwenyewe nina langu, na sijapata kumwambia mtu, hata mama yako.

Miaka mingi nyuma, katika mahakama moja niliyofanya kazi, mzee mmoja wa kisiwa cha Kojani alikuwa na shauri la chombo chake, dau. Alikuwa akivuka kwa mtumbwi, kisha anatafuta gari, kila tarehe. Siku moja nilimwandikia samansi, hati ya kumwita mahakamani, tarehe 16 badala ya 6. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na haraka ya kufunga. Tarehe 6 mwenziwe waliyeshitakiana naye akafika, yeye hayupo, hukumu ikatolewa ya upande mmoja. Tarehe 16 akaja na kanzu yake safi na mashahidi wawili. Nilipoiona ile karatasi mkononi mwake nikaujua mwandiko wangu. Ningeweza kuingia kwa hakimu dakika ile nikasema kosa ni langu, hukumu ikatenguliwa, shauri likaanza upya. Nilinyamaza. Nilikuwa kijana, naiogopa kazi yangu. Nikamwambia shauri limekwisha. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema amemwachia Mungu. Dau akapewa mwenziwe.

Aliishi miaka kumi baada ya hapo. Nilikuwa nikimwona siku za soko, na kila nikimwona natafuta njia ya kumfuata, na kila siku nikasema kesho. Nilipata habari ya maziko yake kazini. Nilikwenda, nikabeba jeneza, na hilo halikumrudishia mtu dau.

Basi usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mpigie simu ami yako kabla ya Jumatano. Usimtumie ujumbe, mpigie. Mwambie, "Ami, nilisema jambo nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo inayohusu miti yetu." Msomee kifungu kwa Kiswahili taratibu. Atakuwa mkali mwanzo, kwa sababu ameshajitangaza kwa watu. Mvumilie, ni baba yako pia, na shida zake za ada za wadogo zako unazijua. Mimi nitakwenda kikaoni Ijumaa kusema nilichokiona nikiwa na pakacha kichwani. Lakini mimi nitaonekana mzee anayempendelea jirani. Neno lililowasha moto lilikuwa lako, na ni lako litakalouzima. Kama utaweza, niruhusu niweke simu katikati ya jamvi, useme mbele ya sheha na mbele ya bibi mwenyewe.

Na hili halingojei likizo yako ya Januari. Nilishuka bondeni leo asubuhi. Karafuu zimeshapiga wekundu, vikonyo vimejaa hata matawi ya chini ambayo bibi anayafikia akiwa amesimama. Zikichanua hazina thamani tena, na mwaka huu hizo tisa ndizo alizozitegemea kwa bati la jiko. Wachumaji wake wawili wamekaa wanasubiri, majamvi yameegeshwa ukutani.

Mama yako ameweka kwenye mfuko huu mkate wa kumimina, chupa ya asali na ile shuka ya kijani uliyoisahau. Bibi yako amesema usilale bila ya kusoma Ayatul Kursiy. Jirani atakuwa Tunguu kabla ya adhuhuri, mpokee getini umpe maji, kwa kuwa bahari ya siku hizi imechafuka na yeye hutapika.

Nitaiweka simu karibu yangu Jumatatu na Jumanne usiku.

Wako akupendaye,
Baba yako