Ramani za kale za Pwani zifunguliwe kwa wananchi

Mhariri,

Mjukuu wangu alinunua fremu kuukuu katika vyombo vilivyouzwa na Mzungu mmoja aliyehama Malindi. Nyuma ya picha tukakuta karatasi imekunjwa: ramani ya zamani ya mji mdogo wa Iowa, Marekani, na mashamba yaliyouzunguka.

Nimesomesha Jiografia miaka 31, lakini hii imeniweka macho hadi usiku. Kipimo chake ni 1:62,500, yaani inchi moja ni karibu maili nzima, na bado nyumba ya kila mkulima ina kidoti chake cheusi. Kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko wa ardhi, ni za kahawia, mito buluu, shule ina kibendera, makaburi yana msalaba. Barabara zimenyooka kama uzi wa fundi mwashi, maana sheria ya 1785 iliikata ardhi miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba vipande 36, kila kipande ekari 640. Kipande cha 16 kilitengwa kwa manufaa ya shule. (Wasauk na Wameskwaki, wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi pale, hawakuulizwa. Hilo sisi wa Pwani hatuhitaji kufunzwa.)

Nikatamani ramani ya kwetu Ganda, ya kabla ya Uhuru. Marehemu baba alipanda mwembe wa boribo mpakani, karibu na kisima. Mwembe umekatwa, kisima kimefukiwa, na sasa mimi na jirani yangu kila mtu ana mpaka wake kichwani. Nilikwenda ofisi moja mara tatu. Kwanza karani yuko likizo. Halafu nilete barua ya chifu. Nilipoileta, muhuri haufai. Nauli ya bodaboda nimeacha kuihesabu.

Mjukuu huyo huyo akanionyesha kwenye simu: Wamarekani, kupitia USGS, shirika la serikali yao la jiolojia na ramani, wameziweka ramani zao za kale kwenye intaneti, mtu apakue bila kutoa hata senti. Akaipata ile ile ya kwenye fremu. Basi nikiwa nimekaa barazani Ganda naona boma la mkulima wa Iowa, lakini kisima cha baba yangu sikioni!

Naomba wahusika waweke ramani za kale za Malindi na Lamu katika maktaba ya umma, wazee wa kuzisoma wangali hai. Nakala tu zatosha. Jirani yangu amekubali tukaitazame pamoja, mradi chai nilipe mimi.

Mwalimu mstaafu,
Ganda, Malindi